Kaimu kwa Simu

Jumatatu, 3 Februari 1975. Voi.

Siku kuu!

Nianze mwanzo. Mzee Obadiah, mkubwa wa ofisi yetu ndogo ya takwimu, alipanda gari la moshi jana kwenda Mombasa kupasuliwa henia. Funguo zote aliniachia mimi, kwa kuwa baada yake hakuna aliyezeeka hapa kuliko mimi. Faili za uchunguzi wa mavuno alimwachia Peris Kalondu. Huyu Peris ni mdogo kwangu kwa umri, amenizidi kwa masomo, na saa za kazi hanywi chai. Mtu wa kuogopwa. Tangu aletwe hapa silali vizuri.

Leo asubuhi simu ikalia. Nairobi! Simu ya Nairobi ikilia mimi husimama, siwezi kuipokea nimekaa. Hebu fikiria. Mtu yuko Nairobi, ng'ambo ya Tsavo nzima na ndovu wake wote, na pumzi yake naisikia sikioni! Alikuwa Bwana Musyimi, mkubwa wa wakubwa wetu. Tangu serikali iseme tupende Kiswahili, Bwana Musyimi hataki Kizungu ofisini, na ana maneno ambayo hata watu wa Mombasa huulizana.

Wakati huo huo treni ya mizigo ikaingia stesheni, honi juu. Nikashika hivi: Mwandawiro, kitu kitu, kaimu, madaraka yote ya Mzee Obadiah, kitu, Bi Kalondu, mpaka mzee atakapopona.

Kaimu! Mimi, Crispus Mwandawiro! Kaimu ndiye anayekalia kiti cha mkubwa mpaka mkubwa arudi. Kalondu bila shaka ni wa kunisaidia. Nikapiga kelele kwamba nashukuru kutoka moyoni. Halafu Bwana Musyimi akasema amefurahi mno nimelipokea jambo hili hivyo, maana wengine wangekasirika. Unyenyekevu gani huu! Nani atakasirika kwa kupandishwa?

Atakuja Jumatano ya wiki ijayo kuona uongozi wetu ukoje, na kuchukua hesabu za mavuno kwa mkono wake. Hili si la kuchezea. Mvua ya vuli ilitukimbia huku tambarare. Nairobi itatazama hesabu zetu, ijue mahindi ya msaada yaende wapi. Pasipokuwa kwenye hesabu hapana mahindi. Nilipofikiri kwamba watu wote hao wako chini yangu, ilibidi nikae.

Mke wangu Mable amenipa hongera, kisha akauliza kama nimehakikisha. Nimemwambia kaimu hahakikishi, huhakikishiwa. Akaenda kupepeta maharagwe.


Jumanne, 4 Februari

Kiti! Sijawahi kukikalia. Kinazunguka chenyewe ukisukuma kwa kidole cha mguu. Dirisha moja unaona Milima ya Taita, ukizunguka unaona tanki la maji la stesheni, ukizunguka tena milima. Lo! Mzee Obadiah ameona vitu.

Nimemwambia Peris habari. Akauliza ni nani aliyesema. Nikamjibu ni Nairobi yenyewe, kwa mdomo wake. Akasema hongera Mzee Crispus, halafu akaniomba ufunguo wa stoo achukue karatasi. Nilimtazama usoni nikitafuta wivu. Haukuwapo. Hapo ndipo niliogopa zaidi.

Mchana nilikwenda kwa fundi anayechora simba kwenye kuta za baa. Nilitaka kibao cha mlangoni: KAIMU MWANDAWIRO. Fundi huyu anapenda herufi nene. Alipofika mwisho wa KAIMU ubao ulikuwa umekwisha. Akaniambia jina langu anaweza kuliandika nyuma. Ebo! Nani atasoma nyuma ya kibao? Nimekichukua vile vile na kukipigilia mlangoni. Kila mtu anajua kaimu ni nani.


Alhamisi, 6 Februari

Nimekumbuka semina ya uongozi niliyopelekwa Mombasa zamani. Nililala sehemu kubwa, joto la kule halina huruma. Lakini wakati mmoja nilipozinduka mwalimu alikuwa akisema kiongozi hodari haonekani akifanya kazi. Maneno ya dhahabu! Nimeyashika mpaka leo.

Basi leo nimeanza kutoonekana. Barua nimempa Peris. Makarani wa mashambani nimempa. Mashine ya kujumlisha, ile ya kuzungusha mkono, nimempa. Petroli ya gari atie sahihi yeye. Kufika saa ya chakula meza yangu ilikuwa nyeupe, haina hata kibanio. Uongozi ulioje!

Nikabaki kusikiliza ukutani. Peris ameweka benchi karibu na meza yake. Karani akija anakaa kwanza, na anaanza na lililoharibika kabla ya lililokwenda vizuri. Kijana mmoja akakiri kuna shamba hakufika, aliona nyati akarudi. Zamani angebuni namba tu na sisi tungeigonga muhuri. Peris akamshukuru! Akampa mwenzake wa kufuatana naye, basi. Kumshukuru mtu kwa kazi ambayo hakuifanya! Nimelifikiria hilo mpaka chai yangu ikapoa, na bado nashangaa. Yule kijana alitoka anapiga mluzi akarudi kule kule kwa nyati.

Sasa la pili. Ili Bwana Musyimi anikute tayari, niliandika mwenyewe hesabu za Salaita na Mata, kule tambarare kuelekea mpakani, hapa hapa kitini. Nilichukua za mwaka jana nikapunguza kidogo kwa sababu ya jua. Peris akazisoma. Akauliza nani alikwenda. Nikamwambia kaimu huona mbali. Akajibu kwa upole kabisa kwamba watu wa Salaita hawawezi kuinjika macho ya kaimu.

Nilikasirika. Halafu hila ikanijia, nzuri mpaka nikazunguka na kiti. Aende yeye! Salaita ni mbali, Mata ni mbali zaidi, na Land Rover yetu hukataa kuwaka ikijisikia. Jumatano Bwana Musyimi atanikuta peke yangu, kaimu na kibao chake. Nimempa barua kwamba ana madaraka yote ya kazi hii, na sahihi yangu kubwa chini. Akanishukuru sana. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nimeinama vizuri.


Ijumaa, 7 Februari

Nimekwenda nao. Nilipoamka hofu ilinishika: wananchi watamwona Peris wadhani yeye ndiye mkubwa. Nikamkimbilia Noah Nzomo, dereva wetu, nikakaa mbele. Land Rover haikukataa hata mara moja. Leo ambapo ningependa ikatae!

Vumbi mpaka kooni. Tulipofika upande wa Salaita wingu likafunguka, na mlima ukatoka. Kilimanjaro! Mzima mzima, theluji na yote, juu ya nyasi zilizokauka. Noah akasimamisha gari bila kuambiwa. Nimeuona mara nyingi na kila mara nashangaa. Maji yote yale juu, na chini mahindi yamekauka yakiwa marefu kama goti. Kwa muda nilisahau kuwa mimi ni kaimu.

Boma la kwanza lilikuwa la mama mmoja, Priscilla, mjane. Nikasimama kikaimu, nikamuuliza amevuna magunia mangapi. Akasema Mungu ndiye ajuaye. Nikaenda kwa jirani. Naye pia, Mungu ndiye ajuaye. Mimi ni Mdawida wa Milima ya Taita, mama yangu kule hakuwahi kumtajia mtu mavuno yake, hata kasisi. Ukitaja magunia leo, kesho mashemeji wako mlangoni, na keshokutwa panya. Nimelijua hili tangu nikinyonya na bado nikauliza!

Peris hakuuliza magunia. Alikaa jikoni kwa Priscilla, wakachambua kunde pamoja, akamuuliza wakati wa Pasaka watapika nini. Priscilla akacheka. Kisha akaacha kucheka. Akasema Pasaka ni mbali mno, mama, sisi sasa tunapika mbegu.

Mbegu. Yale mahindi ya kupanda, yanayoning'inizwa juu ya moshi asiyaguse mtu. Nilipotazama juu niliona kamba tupu. Hakuna aliyeandika neno. Peris aliweka kalamu chini akamwacha mama yule aseme mpaka amalize, na alikuwa na mengi. Nilijikuta nimevua kofia na sikumbuki niliivua lini.

Kwenye hesabu zangu za kitini, boma lile lilikuwa na chakula cha kufika Julai. Tuliporudi garini nilitoa ile karatasi mfukoni nikaichana vipande vipande nikaitupa dirishani. Noah akaniuliza kama ni barua ya mapenzi. Nikamwambia atazame barabara.

Niliwaacha waendelee na Mata, nikarudi Voi kwa lori la vitunguu. Mable anasema nanuka.


Jumapili, 9 Februari

Kanisani. Mahubiri: Mfalme Daudi alivyowahesabu watu wa Israeli, na tauni iliyofuata. Kanisa zima likageuka kunitazama! Hata kwaya. Jasho lilinitoka nikafikiri tauni itaanzia mstari wetu. Mable akanipiga kiwiko nikae wima.

Mwishoni mchungaji akafafanua kwamba kuhesabu si dhambi, dhambi ya Daudi ilikuwa kuhesabu kwa ajili ya utukufu wake mwenyewe. Nikaitikia Amina kubwa kuliko wote. Mafundisho mazuri sana. Natumaini Peris, huko aliko, ana kanisa la kumfundisha mambo kama hayo.

Baada ya ibada nimewaambia watu kadhaa kwamba mimi ni kaimu. Wengine walikuwa tayari wanajua kwa sababu niliwaambia nilipoingia.


Jumanne, 11 Februari

Wamerudi! Siku moja kabla! Hila yangu imekufa. Peris alishuka kwenye gari na vumbi mpaka kwenye kope, akanawa uso, akaingia kazini. Mata yote, Salaita yote. Makarani nao wakaanza kuja mmoja mmoja. Mashine ya kujumlisha ililia mchana kutwa.

Halafu wakabisha hodi chumbani kwangu wakiwa na ramani. Ukuta wangu ndio pekee wenye nafasi. Wakaitundika nyuma ya kiti. Peris akaleta pini za rangi. Nyeupe, wana chakula cha kutosha. Njano, kitafika Pasaka. Nyekundu, wanakula mbegu. Nilidhani atazidunga mwenyewe. Hapana. Kila karani alidunga za mahali alikokwenda kwa miguu yake. Yule wa nyati alidunga yake polepole.

Walipomaliza wakarudi nyuma waitazame. Nami naandika hapa ambapo hakuna anayesoma: nilishangaa kuliko siku ya mlima. Milimani kwetu nyeupe. Ukishuka, njano. Ukienda kule tambarare kuelekea mpakani, nyekundu, nyekundu, nyekundu, na moja yao ni jiko la Priscilla. Nimefanya kazi ya takwimu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Nimejumlisha, nimegonga mihuri. Sikujua kwamba muda wote huo tulikuwa tukitengeneza uso wa watu. Machozi yalinilenga nikasingizia vumbi la Salaita.

Mpango wa kesho: nitampokea Bwana Musyimi stesheni mwenyewe, nimwingize, nikae kitini na ramani nyuma ya kichwa changu. Peris nitamtuma sokoni kutafuta mandazi. Mable amepiga pasi tai yangu. Amesema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nimemuuliza nani ananisifu. Amesema ndiyo hivyo, wewe mwenyewe.


Jumatano, 12 Februari

Sijui nianzie wapi.

Nilifika stesheni mapema. Treni ya Nairobi ikaja. Nikapita behewa baada ya behewa, tai shingoni, nikichungulia. Nikamkaribisha bwana mmoja mnene Voi kwa heshima zote na nikambebea sanduku. Alikuwa anauza cherehani.

Kumbe Bwana Musyimi amekuja kwa barabara! Nilirudi mbio ofisini. Mandazi nilisahau kumtuma mtu. Nilipofungua mlango wa kibao, nikaona hivi: Bwana Musyimi amesimama mbele ya ramani, kofia mkononi. Peris amekaa kitini, kwa sababu ndiko anakofikia pini za chini. Na mlangoni, herufi nene: KAIMU.

Bwana Musyimi aliponiona akanijia akanishika mikono yote miwili. Akasema yeye amesimamia ofisi nyingi, na kila akimpigia mtu simu kumwambia akasimu madaraka, mtu huyo hushikilia funguo mpaka anyang'anywe. Lakini mimi nilishukuru! Nilimpa Bi Kalondu makarani, barua, gari, mpaka sahihi ya petroli. Nilimwachia kiti. Nilimchorea na kibao kwa hiari yangu! Hajawahi kuona mtu anayejua kukasimu namna hii.

Kukasimu. Nikauliza kwa sauti ndogo maana yake, nikisema nataka makarani wafaidike. Akaeleza kwa furaha: kukasimu ni kumgawia mtu mwingine madaraka yako, kumwachia. Ndivyo alivyoniagiza siku ile. Kasimu madaraka yote ya Mzee Obadiah kwa Bi Kalondu. Aliniagiza mimi kwa sababu mimi ndiye nilikuwa na funguo.

Kasimu! Si kaimu! Ile honi! Nilitafuta pa kukaa. Kiti kilikuwa na mtu, nikakaa juu ya gunia la mbegu za mfano.

Peris akanitazama. Alijua kila kitu, niliona. Neno moja tu na ningekuwa kichekesho kutoka Voi hadi Nairobi. Nilingoja. Akamwambia Bwana Musyimi kwamba ni kweli, Mzee Crispus alimwachia kazi zote, na hata Salaita alifika mwenyewe, akavua kofia kwa mama mmoja. Basi. Hakuongeza na hakupunguza. Haki ya Mungu, nimeuona Kilimanjaro na nimemwona mwanamke huyu.

Mzee Obadiah ameandika kwamba hatarudi, anastaafu. Peris ndiye mkubwa. Bwana Musyimi ameondoka na hesabu, na ameahidi kwamba Salaita na Mata watakuwa wa kwanza kupata mahindi. Nimesimama barabarani nikimpungia mkono mpaka gari lilipotoweka. Naona haya sana leo. Mable amenipa sehemu kubwa ya kuku.


Jumatatu, 17 Februari

Nimelitafakari jambo lote, na aibu imeniisha. Mtu wa kawaida hutii amri akiisha kuisikia. Mimi nilitii bila hata kuisikia! Hicho ni kipaji. Mahindi yamefika Salaita juzi, Noah ameyaona yakishushwa, na Priscilla alikuwa kwenye mstari. Ukifuatilia, yote yalianza na mimi kupokea simu.

Na leo imelia tena! Nairobi! Nikasimama. Bwana Musyimi, na treni ya mizigo ikaingia, lakini safari hii nilibana sikio sawasawa. Nimeshika vizuri kabisa. Kwa moyo mweupe niliouonyesha, wakubwa wameamua mimi ni-honi-mishwe, huko Mata, mwisho wa mwezi.

Niadhimishwe! Sherehe yangu mwenyewe! Nilishukuru mpaka sauti ikakauka. Bwana Musyimi akasema tena kwamba wengine wangekasirika. Mtu huyu hazoei.

Kwa nini Mata na si Voi? Nabii hakubaliki kwao, imeandikwa. Nimemweleza Peris. Akauliza kama nina hakika nimesikia neno lenyewe. Nimemwambia asijali, naye siku moja ataadhimishwa. Akaenda kwenye ramani akadunga pini ya buluu pale Mata. Ameniambia ni yangu. Ya buluu, peke yake! Nimeitazama sana.

Mable naye, nilipofika nyumbani, alikuwa ameshasikia kwa mke wa Noah, na amefunga sufuria zote kwa kamba. Nimemwambia sherehe itakuwa na wapishi wake. Ameniangalia tu, akaendelea na godoro.

Jioni Noah akaja kupima kitanda, aone kama kitaingia nyuma ya Land Rover. Nikamuuliza, wageni wa Mata watakuwa wengi kiasi hicho mpaka tuwapelekee na vitanda? Akasema hapana mzee, ni wewe tu.

Mimi tu! Heshima gani hii.